Mgeni Mpe Jembe, na Shamba Je? Historia ya Wanubi wa Uganda na Kenya



  

Siku hizi ukifungua redio hukosi habari za wahamiaji. Ulaya wanabishana, Marekani wanabishana, na sisi huku Afrika Mashariki tunabishana vilevile, ingawa mara nyingi tunajifanya kwamba jambo hili ni la Wazungu. Hoja inayosikika zaidi ni hii: mgeni na aje, lakini awe kama sisi. Ajifunze lugha yetu, ashike desturi zetu, afanye kazi, asiwe mzigo. Akifanya hayo atakuwa mwenzetu.

Ni maneno yenye mantiki. Wahenga walikwisha kuyasema kwa ufupi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini ndani ya methali hii kuna swali ambalo hatuliulizi. Jembe amepewa, sawa. Atalima wapi? Jembe bila shamba ni chuma na mpini tu. Na je, mgeni aliyelima miaka mia moja bado ni mgeni? Nani mwenye ruhusa ya kusema, sasa yatosha, huyu ni mwenyeji?

Ili kujibu hatutakwenda Ulaya. Tutaitazama jamii iliyo jirani yetu, ambayo wengi tunasali nayo safu moja, yaani Wanubi. Hawa ni watu wa asili moja, waliokuja kwa safari moja, kisha mpaka ukawagawa, baadhi wakawa Uganda na baadhi Kenya. Walifanya karibu yote ambayo mgeni huambiwa afanye. Hata hivyo, yaliyowakuta katika nchi hizi mbili hayakufanana, na hapo ndipo penye somo.

1. WALITOKA WAPI?

Kwanza tuondoe kosa moja la kawaida. Wanubi wa kwetu si lazima wawe wamezaliwa na watu wa Nubia, ile nchi ya kale iliyo kando ya mto Nile kati ya Misri na Sudan. Wengi wa mababu zao walikuwa watu wa makabila mbalimbali ya nchi ambayo leo ni Sudan Kusini na maeneo ya jirani. Waliingizwa katika jeshi la Misri, wengine kwa hiari, wengi kwa nguvu au kwa njia ya utumwa, wakawekwa katika jimbo la Ikwetoria. Humo jeshini ndimo wengi waliposilimu, wakapata Kiarabu cha kambini, wakaoa na kuzaa.

Mwaka 1878 jimbo hilo lilipewa gavana aliyeitwa Emin Pasha, Mjerumani ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Mwaka 1881 Muhammad Ahmad al-Mahdi akaanzisha mapambano yake huko Sudan, na Januari 1885 mji wa Khartoum ukaanguka. Ikwetoria ikakatika kama tawi lililovunjwa kwenye mti. Emin na askari wake wakarudi nyuma kuelekea kusini, wakakaa Wadelai, kando ya Nile, mahali ambapo leo ni Uganda.

Mwaka 1888 Henry Morton Stanley alifika kumchukua Emin. Mwaka uliofuata waliondoka pamoja, wakafika Bagamoyo mwezi Desemba. Lakini sehemu kubwa ya askari walibaki nyuma pamoja na wake zao, watoto na watumishi. Kiongozi wao akawa Salim Bey, nao wakapiga kambi Kavalli, kusini magharibi mwa Ziwa Albert, katika Kongo ya leo. Serikali iliyowaajiri haikuwafikia tena. Mshahara hakuna, barua hakuna, na njia ya kurudi kwao imefungwa. Walikuwa watu wenye bunduki wasio na nchi.

2. LUGARD ANAWAPA JEMBE

Wakati huo Buganda ilikuwa imechafuka kwa vita kati ya Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu. Kapteni Frederick Lugard, mtu wa kampuni ya Waingereza, alifika Mengo Desemba 1890 akatiliana mkataba na Kabaka Mwanga. Alikuwa na askari wachache na nchi kubwa mbele yake. Akasikia habari za jeshi lililoachwa ziwani, na Septemba 1891 akawafuata Kavalli.

Makubaliano yakafanyika. Waliofuatana na Lugard kuingia Uganda walikuwa zaidi ya 8,000, lakini askari wenyewe walikuwa mia kadhaa tu, waliobaki wakiwa wanawake, watoto na wafuasi. Ndugu msomaji, iangalie vizuri hesabu hii. Jeshi la kukodi huja na bunduki peke yake. Hawa walikuja na vyungu, mikeka na watoto wachanga. Waliohama hapa ni jamii nzima. Lugard aliwagawa katika ngome za magharibi kuelekea Toro, kwenye mpaka wa Bunyoro, wawe ukuta kati ya Waingereza na Omukama Kabalega.

Kwa hiyo jembe walilopewa lilikuwa bunduki. Hatuna haja ya kulificha hili wala kulipamba. Walitumika kuwatiisha watu wa nchi waliyoingia, na wapo wazee wa Bunyoro ambao hawakusahau. Wakoloni walipenda sana kutumia wageni kuwapiga wenyeji, kwa sababu mgeni asiye na jamaa katika nchi humtegemea mwajiri wake kwa kila kitu. Baadaye chuki ya wenyeji humwangukia yule mgeni, na aliyemtuma hubaki salama nyumbani kwake.

Uaminifu wao nao haukuwapa amani. Mwaka 1893, Waislamu wa Buganda walipogombana na utawala, Salim Bey alionesha kuwaunga mkono ndugu zake katika dini. Akakamatwa, askari wake wa Entebbe wakanyang'anywa silaha, na yeye akasafirishwa kuelekea pwani. Alikuwa mgonjwa, akafia Naivasha njiani.

Mwaka 1897 likaja jambo kubwa zaidi. Askari hawa walikuwa wakipelekwa kampeni baada ya kampeni, wakitenganishwa na familia zao, kwa mshahara mdogo kuliko wa askari wengine na tena wenye kuchelewa. Walipoamriwa kwenda safari nyingine ndefu ya kaskazini, baadhi yao wakaasi karibu na Eldama Ravine, wakarudi hadi ngome ya Luba huko Busoga. Major Thruston na Waingereza wenzake wawili wakauawa humo. Waingereza waliwaleta askari kutoka India, na vita viliendelea hadi mwaka 1898.

Baada ya maasi hayo mtu angetarajia kwamba wote wangefukuzwa. Haikuwa hivyo, kwa sababu wengi hawakuasi, na kwa sababu Waingereza waliwahitaji. Mwaka 1902 vikosi vilipounganishwa kuwa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, Wanubi walikuwa uti wa mgongo wa kikosi cha Uganda. Makao yake yakawa Bombo, kiasi cha kilomita 35 kaskazini ya Kampala, na mpaka leo Bombo hujulikana kuwa mji wa Wanubi. Wengine walipelekwa upande wa Kenya, wakakaa Kibos, Kisii, Eldama Ravine, na zaidi ya kote, Kibera.

3. JINSI WALIVYOUNGANA NA NCHI

Wanaodai kwamba wageni hawachanganyiki na wenyeji wangefaa kusoma sehemu hii.

Lugha yao, Kinubi, ilizaliwa kutokana na Kiarabu, lakini siyo Kiarabu cha vitabu. Ni lugha iliyopikwa kambini, ikachukua maneno ya makabila ya Sudan, kisha ya Kiswahili. Mswahili anaposikia Mnubi akiomba "moyo" anaweza kushtuka, kumbe anaomba maji. Pamoja na Kinubi walisema Kiswahili, lugha ya Keya, na wakajifunza Kiganda, Kijaluo, Kikuyu, kila mtu kwa mahali alipokaa. Ngoma yao ya doluka ilichezwa harusini, na akina mama wao wakajulikana kwa vifuniko vya chakula vya rangi vilivyosukwa kwa mkono.

Walioa na kuolewa. Na tena, jambo ambalo wengi hawalijui, wao wenyewe walipokea wageni. Mtu wa Lugbara, Kakwa au Alur aliyeingia jeshini, akasilimu, akajifunza Kinubi na kuoa kwao, baada ya muda alihesabiwa kuwa Mnubi. Watoto wake hawakuulizwa. Kwa hiyo Unubi haukuwa damu tu, ulikuwa mlango. Jamii hii iliyoitwa ya wageni ilikuwa ikiwageuza wenyeji kuwa ndugu zake.

Palikuwepo pia na upungufu. Shule nyingi za wakati ule zilikuwa za wamisionari, na wazazi wengi wa Kinubi, kama Waislamu wengine, waliogopa watoto kubadilishwa dini. Jeshi likawa ndiyo shule na ndiyo ajira. Jeshi lilipoanza kuchukua watu wa makabila mengine, vijana wa Kinubi walijikuta hawana cheti. Wazazi, hofu ile ilikuwa na sababu, lakini gharama yake ililipwa na wajukuu. Kumlinda mtoto na dini yake ni wajibu, na kumnyima elimu hakumlindi.

4. KIBERA: SHAMBA LISILO NA HATI

Kibra kwa Kinubi maana yake ni msitu. Katika msitu huo wa Nairobi, maaskari waliostaafu waliruhusiwa kukaa na kulima, na mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Mstaafu alipewa kibali kilichojulikana kama pasi ya shamba.

Pasi hiyo ilimruhusu kukaa na kulima, ila haikumpa umiliki wa ardhi. Waingereza hawakutaka kuwapa hatimiliki, kwa sababu ardhi ya Kenya waliigawa kwa makabila, kila kabila na hifadhi yake, na Wanubi hawakuwa na hifadhi kwa kuwa walihesabiwa ni watu wa Sudan. Wala hawakurudishwa Sudan, kwa sababu walikuwa wametumwa hapa na Mwingereza mwenyewe. Tume ya ardhi ya miaka ya 1932 hadi 1934 iliwahesabu kuwa wapangaji kwa hisani ya serikali. Watoto wakazaliwa, wakazaa, na nyumba ya babu ikabaki kuwa ya mpangaji.

Matokeo yake tunayaona mpaka leo. Kwa kuwa ardhi haikuwa na mwenyewe kisheria, kila serikali iliimega, kwanza ya kikoloni kisha ya uhuru. Mitaa ya nyumba ikajengwa, na maelfu ya Wakenya wengine waliotafuta kazi Nairobi wakahamia. Watu wengi wanaijua Kibera kama mtaa wa mabanda. Wachache wanajua kwamba ilianza kuwa mashamba ya maaskari wastaafu ambao hawakupewa karatasi.

Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Tunashukuru kwa kila haki inayorudi. Lakini hesabu ni hesabu: katika kila ekari 100 za mwaka 1918, zilizorudi hazifiki 7. Na kati ya tarehe hizo mbili imepita miaka 99.

5. NCHI MBILI, SHERIA MBILI

Uhuru ulipokuja, swali la uraia likawa la lazima.

Nchini Kenya, katiba ya mwaka 1963 ilisema kwamba mtu aliyezaliwa Kenya, akiwa na mzazi mmoja aliyezaliwa Kenya, anakuwa raia. Wanubi wengi walitimiza sharti hilo bila shida. Kwenye karatasi walikuwa raia. Lakini katika ofisi za vitambulisho mambo yalikuwa mengine. Kijana wa kabila linalotambuliwa alipofika miaka 18 alipeleka cheti cha kuzaliwa akapata kitambulisho. Kijana wa Kinubi aliitwa mbele ya kamati ya maofisa na wazee, akaulizwa habari za babu na bibi, akatakiwa kuleta karatasi ambazo wengine hawakuombwa. Bila kitambulisho huwezi kufungua akaunti benki, kupiga kura wala kuajiriwa, na polisi akikusimamisha huna la kuonesha.

Wazazi wakachoka, wakaenda kudai haki. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya uraia na haki ya kutobaguliwa. Huo ulikuwa uamuzi wa kwanza kabisa wa kamati hiyo katika kesi. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikaamua kwa upande wa Wanubi, kuhusu uraia na kuhusu ardhi ya Kibera. Mpango wa Huduma Namba ulipokuja mwaka 2019, jumuiya ya kutetea haki za Wanubi ilikuwa miongoni mwa waliokwenda Mahakama Kuu, na Januari 2020 majaji wakaizuia serikali kuendelea mpaka iweke kanuni kamili za kulinda watu wasiachwe nje. Mwaka 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondoa usaili wa pekee wa vitambulisho uliokuwa ukifanyiwa watu wa kaskazini mashariki mwa Kenya. Yaani miaka zaidi ya 60 baada ya uhuru, bado lilikuwa jambo la kutangazwa.

Uganda ilikwenda njia nyingine, na ilipitia moto. Januari 1971 Idi Amin alichukua nchi. Yeye alijiunga na Keya mwaka 1946 na alilelewa karibu na Wanubi. Utawala wake ulipendelea jina hilo, na wengi ambao jana hawakuwa Wanubi wakajiita Wanubi ili wapate cheo. Agosti 1972 Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke katika siku 90. Maelfu ya familia zilizozaliwa Uganda, wakiwemo Waislamu wa Kiismaili, Bohora, Ithnaashari na Sunni, zilifungasha mizigo. Hata waliokuwa na karatasi za uraia waliambiwa karatasi hizo zina kasoro. Maduka yakagawiwa. Wapo waliofurahi.

Aprili 1979 Amin akaangushwa. Hapo gurudumu likageuka. Jina la Kinubi lililokuwa ngazi likawa shabaha. Watu waliuawa, nyumba zikaporwa, na familia nyingi zilikimbilia Sudan, Zaire na Kenya, pamoja na wale ambao hawakuwahi kushika bunduki wala kula hata shilingi ya Amin. Huko Sudan hawakukuta kijiji wala ukoo uliowangoja. Waliandikwa kuwa wakimbizi kutoka Uganda. Ile nchi waliyoambiwa ni yao haikuwajua.

Wengi walirudi baada ya mwaka 1986. Na mwaka 1995 Uganda ilipoandika katiba mpya, iliweka orodha ya jamii zote zilizokuwepo ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926, na ndani ya orodha hiyo, pamoja na Waganda, Wanyoro, Wacholi na wengineo, wakaandikwa Wanubi. Neno moja tu. Tangu hapo mtoto wa Kinubi aliyezaliwa Uganda ni raia wa kuzaliwa sawa na mtoto wa Kabaka.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darasani: "Ustadhi, kwa hiyo Mnubi wa Bombo ni mwenyeji na Mnubi wa Kibera ni mgeni, na babu yao ni mmoja?" Nikamwambia, swali hilo wapelekee waliochora mipaka na walioandika sheria, kwa sababu Mnubi wa Bombo hakuungana na nchi yake zaidi ya yule wa Kibera. Wote wawili walilima. Mmoja aliandikwa, mwingine akaachwa mlangoni.

6. HOJA ZA PANDE ZOTE

Tuwe waadilifu. Wanaotaka serikali iwe kali wana hoja pia. Ardhi haiongezeki. Mipakani wapo watu wanaonunua vitambulisho, na wapo wanaovuka kwa nia mbaya. Nchi yoyote ina haki ya kujua nani anaingia, na hata mwenye nyumba huuliza "nani?" kabla ya kufungua mlango. Hilo halina ubaya.

Ubaya unaanza mambo matatu yanapotokea. La kwanza, swali likiulizwa kwa baadhi tu ya raia. Kama karatasi ya babu ni sharti, basi iwe sharti kwa wote, na wengi wetu hatungeweza kuileta. La pili, swali likikosa mwisho. Mtu ameulizwa, mwanawe ameulizwa, mjukuu naye anaulizwa. La tatu, mtu akitakiwa kuungana na jamii huku akinyimwa vyombo vya kuungana, yaani kitambulisho, ardhi na shule. Hapo tunamlaumu kwa kutolima baada ya kumnyima shamba.

Na orodha ya Uganda, pamoja na heri iliyowaletea Wanubi, nayo ina ukuta wake. Tarehe 1 Februari 1926 ni siku ambayo mpaka kati ya Uganda na Kenya ulirekebishwa. Aliyekuwemo siku hiyo na kabila lake likakumbukwa, wajukuu zake wako ndani. Waasia hawamo katika orodha, ingawa baadhi ya familia zao zilikuwepo kabla ya tarehe hiyo. Kwao uraia hupitia njia ya kuomba na kusajiliwa. Orodha iliongezwa mwaka 2005, na bado zipo jamii zinazodai ziingizwe.

7. TUNAJIFUNZA NINI KUTOKA MADINA?

Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622 pamoja na sahaba zake wa Makka, mji ulikabiliwa na jambo hili hili. Watu wamekuja, hawana nyumba, mali zao zimebaki nyuma. Mtume (s.a.w.) aliwafungisha udugu, Muhajiri mmoja na Ansari mmoja. Saad bin Rabii (r.a.) alitaka kumgawia Abdurrahman bin Auf (r.a.) nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akamwambia amwoneshe soko liko wapi. Akaanza kuuza na kununua, na haukupita muda akajitegemea, akaoa.

Watu wengi tunalipenda jibu la Abdurrahman, kwamba mgeni afanye kazi. Ni kweli. Lakini tusiiruke ahadi ya Saad, kwamba mwenyeji alikuwa tayari kugawa. Na soko lenyewe lilikuwa wazi. Abdurrahman hakukuta kamati mlangoni ikimwuliza babu yake alizaliwa wapi. Jembe na shamba vilikwenda pamoja.

Jambo jingine: katika Madina hakuna aliyelazimishwa kufuta asili yake. Bilal aliitwa Mhabeshi, Salman aliitwa Mfursi, Suhaib aliitwa Mrumi, na majina hayo hayakuwapunguzia haki yoyote. Muhajirina waliendelea kuitwa Muhajirina. Kuungana hakukuwa na maana ya kufanana. Mnubi anaweza kusema Kinubi nyumbani kwake akawa Mkenya kamili, na kamati isimwombe radhi wala yeye asiiombe.

8. ZAMU YETU

Sasa tuje kwetu wenyewe. Uganda leo inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na kundi kubwa kuliko yote linatoka Sudan Kusini, yaani nchi zile zile za Nile walikotoka mababu wa Wanubi. Kambi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea, na familia hupewa kiwanja kidogo. Hili ni jambo jema, na wenyeji wa West Nile waliotoa ardhi yao wanastahiki kusifiwa, maana wengi wao walikuwa wakimbizi Sudan baada ya 1979 na hawajasahau.

Lakini angalia tena mlangoni. Kifungu cha 12 cha katiba kinampa haki ya kusajiliwa kuwa raia mtu aliyezaliwa Uganda na kuishi humo tangu uhuru wa mwaka 1962, isipokuwa kama mmoja wa wazazi wake alikuwa mkimbizi au mwanadiplomasia. Wapo wazee waliozaliwa hapa na wazazi waliokimbia Rwanda mwaka 1959, wamelima hapa maisha yao yote, na kifungu hicho hakiwafungulii. Na mtoto anayezaliwa Bidi Bidi leo hana tarehe yoyote ya kungojea.

Ndugu zangu, historia ya Kibera haikuanza kwa ukatili mkubwa. Ilianza kwa kibali cha muda ambacho hakuna aliyejali kukimalizia, na kila kizazi cha watawala kilikirithisha kwa kinachofuata. Tunayoyaacha yakining'inia leo, wajukuu wetu ndio watakaoyakuta mahakamani mwaka 2090.

Na sisi Waislamu tusijidanganye kwamba kudhulumiwa kwetu jana kunatusafisha leo. Mwaka 1972 wapo waliochukua funguo za duka la jirani. Mwaka 1979 baadhi ya hao hao waliacha funguo zao wakakimbia. Aliyewahi kuulizwa "wewe ni wa wapi hasa?" ndiye anayepaswa kuwa wa mwisho kumwuliza mwenzake hivyo kwa dharau.

Kwa wazazi nina nasaha tatu. Mwandikisheni kila mtoto anapozaliwa, na mtunze cheti chake kama mnavyotunza dhahabu. Wahojini wazee mkiwa nao bado, mwandike walikotoka na walikozikwa waliowatangulia. Na mtoto akija kutoka shule na rafiki mwenye lafudhi ngeni, mkaribisheni, mle naye sahani moja.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Babu na bibi zetu walizaliwa wapi, na tuna karatasi gani ya kuonesha?
2. Nani mtaani petu huitwa "mgeni", na amekaa miaka mingapi?
3. Saad bin Rabii angekuwa jirani yetu, angefanya nini?

Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutoa haki kabla ya kudaiwa, na awape amani wote waliotoka majumbani mwao bila kupenda. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.